Chungu cha Jumatano

Kwa miaka kumi na miwili Pasikali na mkewe Veronica walizungumza kwa kupitia mtu. Usidhani waliishi mbalimbali. Nyumba ilikuwa moja, pale Makere, kilomita chache kutoka barabara ya Kasulu, na kanisani walikaa benchi moja. Lakini mama akitaka baba ajue kwamba mbuzi amekata kamba, hamwambii. Anafungua pindo la kitenge, anatoa simu, anampigia binti yao Ange aliyeko Kibondo. "Mwambie baba yako mbuzi amekata kamba." Ange naye anampigia baba, ambaye muda wote huo ameketi hatua kumi kutoka kwa mama na amesikia kila neno. Baba anapokea simu, anasikiliza, anashukuru, anainuka kwenda kumtafuta mbuzi. Watu wa mitandao ya simu walipaswa kumletea Veronica zawadi kila Krismasi.

Majirani walicheka zamani, siku hizi wamechoka kucheka. Tena jambo lenyewe kwa asili yake si geni katika milima ile. Mwanamume akiudhika hapigi kelele, anakata maneno. Mke aliyekatiwa maneno naye hajipendekezi. Hapo mtoto hufanywa daraja, wiki moja, mwezi ukizidi sana, mpaka shangazi wa ukoo aje na kikapu chake, pombe inywewe, maneno yarudi nyumbani. Kesi ya Pasikali ilikosa shangazi, kwa sababu ndugu zake walikuwa ng'ambo, Burundi. Basi daraja likaachwa wima, na watu wakaendelea kulipita.

Daraja hilo lilikuwa Ange. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na mmoja, sasa ana ishirini na mitatu. Kaka yake Fidele alikuwa shule ya bweni mambo yalipoharibika, kwa hiyo zigo likamwangukia yeye. Na kama vile halikumtosha, alipofika chuoni akachagua kusomea mawasiliano, na mwaka wa mwisho akachagua mada ya utafiti: namna familia za wakulima zinavyopashana habari, nani humwambia nani, kwa kinywa cha nani, na lipi halisemwi. Ukimuuliza kwa nini mada hiyo, atakuambia ilipendekezwa na mwalimu. Mwongo. Aliichagua mwenyewe, na alijua kwa nini.

Alipelekwa Kibondo kwa mafunzo, chini ya afisa ustawi wa jamii aitwaye Bi Rabia, mama wa Kitanga mwenye ulimi mwepesi, aliyehamishiwa huko miaka sita iliyopita na bado hulalamikia baridi ya asubuhi. Siku ya kwanza Bi Rabia alimwekea karatasi nyeupe mezani.

"Kabla hujaingia nyumba za watu kule Busunzu, mwanangu, ingia ya kwenu. Chora. Kila mtu duara lake. Nani anamwambia nani, weka mshale."

Ange akachora. Baba hapa, mama pale, Fidele pembeni, yeye mwenyewe katikati. Alipomaliza, Bi Rabia akavaa miwani, akaitazama karatasi, akaicheka.

"Haya! Mishale yote yapita kwako. Wewe ndiwe posta ya kijiji?"

"Ndivyo ilivyokuwa, bi mkubwa."

"Na miaka yote hiyo, hapajapotea barua?"

"Haijapotea," akasema Ange. Alisema haraka mno.

Utafiti ukaanza. Alizunguka Busunzu na daftari lake, nyumba hadi nyumba, na kazi aliiweza, kwa sababu watu walimwona ni wao, anasalimia kwa Kiha, hakatai uji. Wiki ya tatu alikaa na mzee mmoja, Tharsisi, aliyeachana na mkewe zamani. Akamuuliza kama fomu ilivyotaka: mkeo alisema nini siku anaondoka? Mzee akafikiri.

"Sijui alisema nini," akajibu. "Najua nilichoambiwa kwamba alisema."

Ange aliandika jibu hilo, kisha akafunga daftari. Siku hiyo hakuingia nyumba nyingine. Alirudi chumbani kwake, akajiambia ni uchovu.

Haukuwa uchovu. Ilikuwa Jumatano moja ya Novemba, mwaka 2012.

Ili uelewe Jumatano hiyo, umjue kwanza Manirambona. Ni kaka yake Pasikali, mkubwa wake kwa miaka sita. Mwaka wa sabini na mbili mama yao alikimbia vita akiwa na Pasikali mgongoni, na huyu mkubwa akabaki ng'ambo kwa babu yake, kwa sababu mgongo ni mmoja. Miaka zaidi ya ishirini ndugu hawakuonana. Vita vya pili vilipokuja, Manirambona naye akakimbia, akaletwa kambi ya Mtabila, karibu na Kasulu, na Pasikali akasikia kuna mtu kambini anauliza habari za mwanamke fulani aliyevuka na mtoto. Alienda kwa baiskeli. Wanasema walitazamana tu, kisha mkubwa akahesabu majina ya ukoo, baba, babu, baba wa babu, na mdogo akamalizia lililobaki. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa Pasikali alikuwa Mtabila. Ange alizaliwa akikuta hivyo. Jumapili ilikuwa ya baba mkubwa.

Kisha ikatangazwa kwamba kambi itafungwa. Manirambona akataka warudi wote wawili, washike shamba la baba yao pamoja. Pasikali akasema kwake ni Makere, hapa ndipo amezika mama na kuzaa watoto. Maneno yakapanda. Mkubwa akamwambia mdogo, "Mke wako amekugeuza Muha wa huku." Pasikali akaondoka, akaapa kwamba mtu huyo asikanyage uani kwake. Veronica, ambaye ndiye aliyetukanwa, hakuapa chochote. Aliendelea kumpelekea shemeji yake unga wa muhogo kwa siri, maana shemeji ni shemeji, na njaa ya kambini haiulizi nani alimtukana nani. Pasikali akagundua. Hakupiga, hakufoka. Alikata maneno.

Na siku moja katika siku hizo Ange, kwa utoto, alitaja Mtabila mezani. Alikuwa anauliza tu kama Jumapili wataenda. Baba yake alimchapa mkanda mpaka mkojo ukamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake kuchapwa na baba.

Sasa Jumatano. Veronica alirudi kutoka mnadani anahema. Alikutana na mtu wa Manirambona: mabasi yatachukua watu wa eneo lao kesho Alhamisi. Leo hii Manirambona ameweka chungu cha pombe kwa rafiki yake, nje ya kambi. Anamngoja mdogo wake wakinywe pamoja kabla hajaondoka. Mtu wa kule hahitaji kuelezwa zaidi. Ndugu waliogombana wakichovya mirija kwenye chungu kimoja, ugomvi umekwisha, hata asiposema mtu samahani. Na aliyealikwa chunguni asitokee, amekwisha kujitoa kwenye undugu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kimbia, mwana wanje, mwanangu. Mwambie baba yako. Mwambie aende sasa hivi, baiskeli ina upepo."

Ange alikimbia mpaka bondeni, ambako baba alikuwa akipanda maharage. Alifika. Baba aliinua kichwa, jasho linamtiririka, jembe mkononi, na mkanda ulikuwa kiunoni. Ule ule.

"Umetumwa nini?"

Mjumbe hauawi, ndivyo tunavyosema sisi ambao hatujatumwa. Ange alitazama ule mkanda.

"Mama anauliza kama mbegu zimetosha."

"Mwambie zimetosha."

Hivyo tu. Akarudi akitembea polepole, na njia nzima alikuwa akitunga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshatoa baiskeli nje.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

"Amenyamaza. Ametazama chini, akaendelea kupanda."

Veronica aliirudisha baiskeli ndani. Jioni Pasikali alirudi, akala, akalala. Kesho yake mabasi yakaondoka, na Ijumaa mtu akamwambia Pasikali kisimani kwamba kaka yake amekwenda. Basi kila mmoja akabaki na lake: mume akijua kwamba kaka yake aliondoka bila hata kumtumia neno, na mke akijua kwamba ameolewa na mtu aliyeitwa kwenye chungu cha ndugu yake akatazama chini. Kuanzia hapo hata ile hamu ya kutafuta suluhu ikamtoka Veronica. Anawezaje kuongea na jiwe? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Ange ilikuwa na miaka kumi na miwili na bado ilikuwa inaendelea.

Mwanzoni alikuwa mtoto, na woga ulimtetea. Kisha akawa na miaka kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na moja, na woga hauwezi kumtetea mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa. Kila mama alipompigia, kila alipobeba habari ya mbuzi na ya chumvi na ya mchango wa kanisa, alizifikisha bila kuacha hata nukta, kama mwizi anayerudisha senti moja moja akitumaini shilingi aliyoiba itasahaulika. Alijichukia. Nalo hilo hakumwambia mtu.

Mwishoni mwa Juni, simu ikaita akiwa ofisini kwa Bi Rabia.

"Mwambie baba yako," sauti ya mama ilikuwa imekauka, "kaka yake yu mahututi. Wametuma mtu kupitia mpaka wa Manyovu. Hali kitu siku ya nne. Anamtaja."

Ange akatoka nje, akampigia baba. Alisikia pumzi yake kwenye simu, na nyuma yake akasikia fimbo ikipiga maharage. Mama alikuwa pale pale uani.

"Mwambie mama yako," akasema Pasikali, "aliyeondoka bila kuniaga, na afe bila kuniaga."

Akakata. Ange alirudi ndani, akaketi. Bi Rabia akamtazama mara moja tu, akafunga jalada lililokuwa mbele yake.

"Ile barua," akasema. "Iliyopotea."

Ange akalia. Akamwambia yote, hata mkojo hakuuruka. Alipomaliza alitegemea neno la kumpoza, kwamba alikuwa mtoto, kwamba Mungu anajua. Bi Rabia hakulitoa.

"Hayo waniambia mimi ya nini? Mimi sikuingojea barua hiyo. Nenda kwenu."

Alipanda gari la asubuhi. Njia nzima alipanga. Mambo mazito binti hamwambii baba yake uso kwa uso, humtuma shangazi, na shangazi hakuwepo. Angeweza kumwambia mama, mama ndiye amwambie baba, lakini hao ndio wasiosemezana, na aliyesababisha hilo ni nani? Angeweza kumwita Fidele. Angeweza hata kusema kwamba Jumatano ile alimtafuta baba bondeni akamkosa, uongo mdogo, msafi, usioumiza mtu. Gari lilipoingia Makere alikuwa bado anaugeuzageuza uongo huo, na ulikuwa mtamu.

Aliwakuta uani wanapura maharage. Baba upande huu wa turubai, mama upande ule, fimbo zao zikipokezana bila kugongana. Katika kazi walielewana vizuri kabisa. Mama akainua macho kwanza.

"Ange? Kuna nini tena, mbona hukusema unakuja?"

Alipiga magoti palepale pembeni ya turubai, juu ya maganda.

"Nina neno la baba. Lakini nataka mama naye alisikie."

Akasema. Aliogopa kwamba akisimama kidogo atashindwa kuendelea, kwa hiyo alisema bila kusimama: mnada, chungu, mabasi ya Alhamisi, bondeni, mbegu zimetosha. Ule uongo mtamu hakuugusa. Akasema na alichomwambia mama aliporudi nyumbani. Alipofika hapo sauti ilimtoka kidogo sana.

Fimbo ya baba ilikuwa bado hewani. Akaishusha polepole, akaiegemea.

"Chungu," akasema. "Kilikuwa cha nini?"

Ange hakujua. Hajawahi kujua.

"Cha mtama," akasema Veronica. "Alisema ameweka mirija miwili tu. Hakumwalika mtu mwingine."

Pasikali akageuka kumtazama mkewe. Yeye mwenyewe Veronica hakutambua alilofanya. Alikuwa anamtazama Ange, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Uliniambia ametazama chini."

"Ndiyo, mama."

"Hata nilikuuliza mara ya pili usiku ule. Ukaniambia ametazama chini. Nani alikufundisha kuongezea hilo?"

"Hakuna, mama."

"Miaka kumi na miwili nampikia mtu huyu nikimwona jiwe. Nimemwombea mabaya, Ange. Kanisani, nimepiga magoti kando yake, nikamwombea mabaya." Akainua fimbo, na Ange akafumba macho akitamani imwangukie yeye, lakini mama aliipiga kwenye maharage, akapiga tena na tena, punje zikaruka mpaka nje ya turubai na hakuna aliyeziokota.

Pasikali aliingia ndani. Walisikia sanduku likifunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kanisani juu ya fulana ya shamba, na mkononi ana kitambulisho.

"Mama Fidele," akasema. Ilikuwa kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Tukitoka sasa, jua halitazama hatujafika Manyovu."

"Nivae viatu," akasema Veronica.

Basi yakaanza kutembea maneno katika nyumba ile, mafupi mafupi: pesa ya nauli iko wapi, funga mbuzi, chukua blanketi, kule kuna baridi. Ange aliyasikia kutoka pale alipopiga magoti, yanapita juu ya kichwa chake bila kumhitaji. Alipaswa kufurahi. Alifurahi, Mungu ni shahidi, na furaha hiyo ilimchoma, kwa sababu aliona ilivyokuwa rahisi. Ilikuwa rahisi hivi miaka yote.

Akainuka, akafuta magoti, akachukua begi lake. "Na mimi naja. Nataka nimwambie baba mkubwa mwenyewe. Nimwombe msamaha akiwa bado anasikia."

Pasikali hakumtazama. Akamwelekea mkewe.

"Mwambie binti yako abaki."

Veronica alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi sitabeba tena ujumbe katika nyumba hii."

Kisha Pasikali akamgeukia bintiye, akamwangalia usoni, na Ange akaona kwamba baba yake amezeeka.

"Utabaki," akasema. "Ukifika pale utapiga magoti, utalia, utasema. Sitaki useme."

"Lakini baba, lazima ajue."

"Atajua. Nitamwambia habari nilizipata. Nitamwambia mtoto alikuja bondeni, akanieleza vizuri, na mimi kwa kiburi nikatazama chini, nikaendelea kupanda."

"Baba, si kweli!"

"Nilikuchapa kwa kutaja jina la mahali tu," akasema Pasikali. "Mtu mzima hampeleki mtoto mbele ya kaka yake akamnyooshea kidole. Kaka yangu anangoja kusikia kwa nini sikuja. Nitampa sababu ya mtu mzima, na akinilaani, laana ni yangu."

Ange akamtazama mama yake. Mama akajitanda kitenge, akapita mbele yake, na alipofika langoni akasema bila kugeuka, "Maharage yasilale nje."

Aliwafuata mpaka barabarani, nyuma kidogo, kama mtu asiye wao. Gari la Kasulu halikuchelewa. Baba alimshika mama mkono akampandisha, kisha akapanda yeye, akafunga mlango, na kupitia dirishani Ange akamwona anasogeza midomo peke yake, anarudia, anajifunza yale maneno ambayo binti yake aliyatunga akiwa na miaka kumi na mmoja.